Mama alisema mke wangu ana mkosi, nami nikanyamaza

Washikaji, kuna mambo mwanaume wa mjini hayasemi hata akiwa kalewa. Atakusimulia alivyotapeliwa, atakusimulia alivyofumaniwa, tena kwa madoido mpaka ushike mbavu. Lakini hawezi kukwambia kwamba alimzika mtoto aliyekaa duniani dakika 40, na kwamba baada ya hapo alimwacha mke wake apigwe maneno peke yake. Mimi leo nasema. Najua ukurasa huu mmeuzoea kwa mambo ya mitindo na mapenzi, na hili nalo ni la mapenzi, japo halina maua.

Mwenzenu nauza spea za simu Kariakoo, nakaa Mbagala. Nilioa 2021. Mwaka uliofuata shemeji yenu akashika mimba, na siku aliponionyesha kile kipimo cha mkojo chenye mistari miwili nilifunga duka saa nane mchana nikaenda kununua kuku wawili wa kienyeji. Kijiweni nikapokelewa kama bingwa. Nikanunua na sabufa kubwa ya sebuleni, eti mtoto akija akute muziki. Ile sabufa ikumbukeni, nitairudia.

Kliniki alianza mwezi wa tano. Msishangae, ndivyo wengi mitaani kwetu wanavyofanya, mwanamke anasubiri tumbo lionekane kwanza, asije akaonekana anajitangaza. Alipoanza akapewa vile vidonge vya kuongeza damu, vyekundu, akawa anavimeza kwa kununa maana vinamwacha na ladha ya chuma mdomoni. Nesi akamshauri apige ultrasaundi. Akaniambia, elfu ishirini. Nikamwambia we mwanamke, elfu ishirini ya kumwangalia mtu ambaye tutamwona bure baada ya miezi minne? Akacheka. Mimi nikajiona mjanja wa mjini.

Mwezi wa saba tumbo likawa kubwa ajabu, linang'aa, limekaza kama ngoma. Majirani wakasema mapacha. Hapo nikatoa hela mwenyewe, tena mbiombio, kwa tamaa ya mapacha. Ilikuwa Desemba 2022, hospitali moja ya binafsi, jina nalihifadhi. Yule bwana wa kipimo akazungusha kile kidude chake tumboni, akazungusha tena, akanyamaza. Halafu akamwita mwenzake. Wakawa wanaongea Kiingereza kwa haraka mbele yetu, kama vile sisi ni mizigo. Mwisho akamwuliza mke wangu, bila hata kumwangalia usoni: "Dada, kwenu kuna mtu amewahi kuzaa mtoto hana kichwa?"

We acha tu. Sitaki kusema nilitaka kumfanya nini.

Tulielekezwa hospitali kubwa, na huko, namshukuru Mungu, tulimpata daktari mmoja mama wa makamo aliyejua kuongea na watu. Akatukalisha, akafunga mlango. Akasema mtoto ana uso, ana moyo, ana mikono na miguu, lakini fuvu la juu halikufunga na sehemu kubwa ya ubongo haikujijenga. Kitaalamu wanaita anensefali. Akasema hakuna operesheni ya hilo popote duniani, wala India wala Marekani, kwa hiyo tusije tukauza kiwanja kumfuata mganga wala daktari. Watoto wa namna hii wengine wanafia tumboni, wengine wanazaliwa wakiwa hai na kuondoka ndani ya saa au siku chache. Lile tumbo kubwa halikuwa mapacha, lilikuwa maji: mtoto wa kawaida huyameza maji anamoogelea, huyu alikuwa hawezi kumeza vizuri, yakajaa. Halafu akasema sentensi moja, na nataka muikumbuke kuliko ile sabufa. Alisema: "Hakuna alichokula wala alichofanya mama huyu miezi hii iliyopita kilicholeta tatizo hili." Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Uchungu ulimwanza Januari 2023, kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia kidogo, kama paka mchanga. Nesi alikuwa amemvalisha kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na kuanzia nyusi kushuka chini alikuwa mtoto kama watoto wote, pua ya babu yake mzaa baba, tena pua yenyewe haikuwa ndogo. Mke wangu alimshika kifuani muda wote. Mimi nilimshika kidole. Zile dakika 40 nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Kwa kuwa alilia, alipewa jina, akaoshwa, akasaliwa. Jina hilo ni letu.

Sasa ndipo kasheshe lenyewe lilipoanza.

Mwanamke mmoja aliyeingia kumwosha mtoto hakujizuia. Jioni mtaa mzima ulishajua. Wengine wakasema kazaa chura, wengine wakasema jini, mtoto wa jirani akaja kumwuliza mke wangu mwenyewe kama ni kweli. Mama yangu alishafika kutoka Tanga. Ni mama mzuri, aliyeniuzia vitumbua mpaka nikamaliza kidato cha nne, na wala simsemi kwa ubaya. Lakini alikaa kwenye mkeka pale sebuleni akaanza kuhesabu. Mkwe alikula mayai wakati wa mimba. Mkwe alipita karibu na makaburi magharibi. Mkwe alimcheka kiwete sokoni. Mkwe alipaka mkorogo. Mkwe kabla ya mimba alichoma sindano za uzazi wa mpango, zikaharibu kizazi. Halafu akashusha sauti lakini si kiasi cha mtu wa chumbani kutosikia: "Mwanangu, huyu mwanamke ana mkosi. Ukoo wetu haujawahi kuona kitu kama hiki."

Mimi nikaangalia chini. Nilikuwa na ile sentensi ya daktari kichwani, nzima nzima, nikaimeza. Nilisema tu, "Basi mama." Basi mama! Kama vile anagombana na mtu juu ya chumvi kwenye mchuzi.

Na mbaya zaidi, ngojeni nimalizie aibu yote, kuna sehemu ya moyo wangu iliyopenda yale maneno. Maana kama mkosi ni wake, basi kwangu mimi hakuna kasoro. Kijiweni washikaji wakanipa ushauri wa kijiweni: tafuta nyumba ndogo, uzae kwanza na mwingine ujipime. Ushauri wenyewe unatoka kwa mtu anayedaiwa kodi ya miezi sita. Sikutafuta nyumba ndogo, lakini nilianza kulala dukani, nikisingizia mzigo umeingia usiku. Miezi mitatu hivi. Chumbani kwetu tukawa kama wapangaji wawili.

Aliyenitoa usingizini ni dada yake mke wangu, mkunga, mtu wa maneno machache na macho makali. Alinifuata dukani Kariakoo siku ya Jumamosi, watu wamejaa, akavuta kiti akakaa. Akaniambia, "Shemeji, nipe kalenda." Nikadhani anatafuta sikukuu.

Akaanza kunifundisha, na mimi nitawapa kama alivyonipa. Mimba ikitunga, alisema, mtoto haanzi na kichwa na miguu. Wiki ya tatu anakuwa kitu bapa kama chapati ndogo kuliko punje ya mchele. Katikati ya ile chapati kunachimbika mfereji, kingo zake zinainuka pande mbili, zinakutana na kushikana kama zipu, inakuwa bomba. Hilo bomba ndilo ubongo na uti wa mgongo. Zipu inaanza kufunga maeneo ya shingoni, inakwenda juu na inakwenda chini. Juu inamaliza siku kama ya 25 tangu mimba itunge, chini siku ya 27 au 28. Ikishindwa kufunga juu, ubongo unabaki wazi, fuvu linakosa cha kufunika, ndiyo ya kwetu. Ikishindwa chini, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Na kuna wengine fuvu linaacha tundu tu, mara nyingi kisogoni, utando na wakati mwingine ubongo wenyewe unatokeza kama nundu.

"Haya," akasema, "hesabu."

Tukahesabu kurudi nyuma mpaka Juni 2022. Siku ya 28 ikaangukia wiki ya Iddi ya kuchinja, Julai. Nikatoa simu, nikatafuta picha za siku ile. Tupo ufukweni Coco, mke wangu kavaa baibui jipya, kashika muhogo wa kukaanga, anacheka kwa sababu upepo umemtoa mtandio. Wakati huo siku zake zilikuwa zimepitiliza wiki mbili tu, na wala hakushtuka, maana tangu aache sindano zilikuwa zinampiga chenga. Hakujua kama ana mimba. Mimi sikujua. Mama kule Tanga hakujua. Na pale pale kwenye ile picha, ndani ya lile baibui, mambo yalikuwa yameshaharibika.

Shemeji akaanza kuniuliza, taratibu, kama askari wa upelelezi. Mayai alikula lini? Mwezi wa nne. Zipu ilishamaliza. Makaburini alipita lini? Oktoba. Ilishamaliza. Mkorogo, ambao kweli ni sumu kwa ngozi na nimemkataza, alianza lini? Septemba. Ilishamaliza. Yule kiwete wa sokoni, na wala hakumcheka yeye, alicheka mpemba aliyekuwa anabishana na mnunuzi, hiyo ilikuwa Novemba. "Na sindano," akasema, "haina uhusiano na hili, wanawake wangapi hapa mjini wamechoma na wana watoto wazima?" Halafu akanikazia macho. "Na usisahau shemeji, chapati ile haikuwa ya unga wa dada yangu peke yake. Vinasaba ni vya wawili. Kama ni mkosi, mgawane."

Nikawa mpole. Mteja akaniuliza bei ya kioo cha simu, nikamtajia bei ya betri.

Nikamwuliza sasa kinacholeta ni nini. Akasema ni mchanganyiko, vinasaba na mengine, na mara nyingi mtu hawezi kunyooshewa kidole kimoja. Kisukari kisichodhibitiwa kinaongeza hatari, unene uliopitiliza pia, na baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti, ndiyo maana mwanamke mwenye kifafa anatakiwa amwone daktari kabla ya kubeba mimba, si kuacha dawa kienyeji. Lakini kuna kitu kimoja kinachojulikana vizuri kuliko vyote, nacho ni upungufu wa foliki asidi, vitamini ambayo imo kwenye mchicha, maharage, machungwa na kadhalika. Chakula peke yake mara nyingi hakitoshi, na sisi mchicha tunauchemsha mpaka unasahau jina lake.

Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na nchi nyingine 6. Waliwachukua wanawake ambao tayari walishabeba mtoto wa namna hii, kundi moja likapewa foliki asidi nyingi kabla ya mimba, jingine halikupewa. Kwa waliopewa, tatizo kujirudia kulipungua kwa asilimia 72. Tangu hapo ushauri duniani ukawa huu: mwanamke yeyote anayetarajia au anayeweza kushika mimba ameze mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla, mpaka miezi mitatu ya mwanzo. Aliyewahi kupatwa anapewa dozi kubwa, miligramu 4 au 5, na hiyo anaandikiwa na daktari. Marekani tangu 1998 wanaitia kwenye unga kwa lazima. Kwetu Tanzania mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kuongeza virutubishi, foliki asidi ikiwemo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani. Lakini sembe unayosagisha mashine ya uchochoroni mara nyingi haina kitu zaidi ya mahindi na vumbi la mjini.

Mmeona mtego ulipo? Vile vidonge vyekundu vya kliniki vina foliki asidi ndani. Ni vizuri kwa damu na mke wangu alivimeza vyote. Lakini alipewa mwezi wa tano, na mlango ulifungwa mwezi wa kwanza. Dada zangu mnaosoma hii mkiwa kwenye daladala, nyie ambao mimba kwenu inakuja kama mgeni wa ghafla, na nyie ndio wengi, kidonge hiki kinahusu sasa hivi, si siku utakayoanza kutapika. Kwenye duka la dawa hakizidi bei ya soda moja au mbili kwa wiki. Mimi nilinunua sabufa.

Wiki iliyofuata shemeji alinichukua mpaka Muhimbili, pale MOI, Taasisi ya Mifupa, ambako anamfahamu mama mmoja aliyempeleka mwanawe. Sikuelewa kwa nini ananipeleka mpaka nilipofika. Benchi limejaa kina mama na watoto wenye vichwa vikubwa, wamefunikwa kanga, macho yamevutwa chini. Hao ni watoto wenye maji kichwani. Wengine wamezaliwa nayo, wengi wenye mgongo wazi wanapata, na wengine yaliwapata baada ya maambukizi wakiwa wachanga. Na hawa, tofauti na wa kwetu, wanatibika! Wanawekewa mrija chini ya ngozi unaopeleka maji kutoka kichwani mpaka tumboni. Ipo na njia nyingine iliyoendelezwa hapo jirani Mbale, Uganda, na daktari Benjamin Warf miaka ya mwanzo ya 2000: anaingiza kamera nyembamba, anafungua tundu dogo maji yapate njia, na kuunguza ile sehemu inayotengeneza maji. Ukiwahi, mtoto anaweza kukua na kwenda shule. Ukichelewa, ubongo unaendelea kukandamizwa, na ukiulizia sana utaambiwa walianzia kwa mganga.

Kwenye lile benchi nikahesabu wanaume. Wawili, na mmoja wao alikuwa dereva wa bajaji anayesubiri nauli. Nikamwuliza yule mama mwenyeji wetu, baba wa mtoto yuko wapi. Akasema, "Alisema kwao hawazai hivi." Shemeji hakunitazama. Hakuwa na haja.

Usiku ule nilirudi nyumbani mapema. Nikamweleza mke wangu yote, kalenda, zipu, chapati, nikamalizia kwa kumwomba radhi kwa ajili ya maneno ya mama. Alikuwa anakunja nguo. Akasema, "Mama yako simlaumu, hayo ndiyo aliyofundishwa. Wewe ulikuwepo siku daktari anaongea." Akaendelea kukunja nguo. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Safari ya Tanga nilikwenda peke yangu, kwa basi la asubuhi, kumweleza mama. Alinisikiliza, akaniuliza kama nimelishwa kitu. Sikubishana sana. Nilimwambia tu kwamba kwenye ile chapati na unga wake yeye umo, maana mimi ni mwanawe. Hilo lilimnyamazisha kidogo.

Sabufa niliiuza. Mapema 2024 tulikwenda wote kwa yule daktari mama wa makamo, akamwandikia mke wangu dozi kubwa. Miezi na miezi kila saa tatu usiku kidonge kimoja, nikakumbusha mimi mpaka akaniambia nimekuwa kero kuliko kengele ya simu. Mimba ikaja mwishoni mwa mwaka. Daktari alitutahadharisha mapema: kidonge hakiondoi hatari yote, na pia tusikipe sifa zisizo zake, kwa sababu hata bila kidonge aliyepatwa mara moja, kati ya mimba 100 kama hiyo, ni 3 hivi tu zinazorudia. Kwa hiyo siwezi kuapa hapa kwamba huyu anayetambaa sakafuni sasa hivi akitafuna waya wa chaja kaletwa na foliki asidi. Ninachojua ni kwamba safari hii tulikwenda na kinga iliyokuwepo miaka yote wakati sisi tunahesabu mayai.

Kipimo tulipiga wiki ya 13, mwanzoni mwa 2025. Mimi sikukaa nje. Mke wangu alifumba macho muda wote, kashika ukingo wa kitanda. Dada wa kipimo aligeuza kioo kwangu, akaonyesha kwa kidole duara jeupe, limezunguka lote bila kukatika, akasema, "Baba, hili ndilo fuvu." Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

Tulipotoka nje ya geti mke wangu alisema neno moja tu: "Mpigie." Nikapiga Tanga. Mama akapokea, hakusalimia, akauliza, "Kichwa kipo?" Nikasema kipo, mama, chote. Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limeisha. Halafu akasema, "Nipe mkwe wangu." Nikampa simu. Walichoongea sikukisikia, bodaboda zilikuwa nyingi mno pale, na yeye alikuwa amenipa mgongo.